Mtoto anaandika "boku" badala ya "beaucoup": kosa lake ni lipi hasa?

MwalimuWaMabanga (Goma)

Walimu wenzangu, na wazazi pia, jambo kwenu.

Nafundisha darasa la tatu hapa Goma. Mnajua darasa la tatu lilivyo. Miaka miwili ya kwanza mtoto amesomeshwa kwa Kiswahili, ba-be-bi-bo-bu anaijua, "baba analima" anaisoma bila kukwama. Akivuka tu mlango wa darasa la tatu, Kifaransa kinamwangukia kama gunia.

Ijumaa nilitoa dikte (imla) ya sentensi moja:

"Maman achète beaucoup de poissons au marché."

Mtoto mmoja wa benchi la nyuma, mkimya, yule ambaye mwaka unaweza kuisha hujasikia sauti yake, akaniletea hivi:

"Mama ashet boku de pwaso o marshe."

Nikashika biki nyekundu. Maneno saba, makosa sita. Dikte ni ya pointi kumi na kila kosa linakula mbili, kwa hiyo kumi yote imeisha kabla sijafika sokoni, kwenye "marché". Sifuri.

Jioni nilikuwa barazani na ule mrundo wa kaye (madaftari), akapita jirani yangu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo. Aliacha shule darasa la pili. Kifaransa cha kusoma hana, cha kusikia anacho kidogo, cha wateja. Nikamwambia, Mama, hebu nisomee hapa. Akaweka kidole, akasoma silabi kwa silabi, halafu akacheka: "Si anasema mama ananunua samaki wengi? Aje anunue kwangu!" Nikamwandikia chini yake sentensi ile ile jinsi kitabu kinavyotaka. Akasoma "be-a-u-ko-u-pu", akanirudishia kaye, akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Mtoto ambaye mama wa sambaza amemwelewa mara moja, mimi nimempa sifuri. Sisemi "boku" iachwe hivyo. Ninachouliza ni hiki: sifuri ile imemfundisha nini? Ameshika sauti karibu zote. Sikio lake ni zima. Asichokuwa nacho ni picha ya neno, kwa sababu hilo neno pengine alikuwa hajaliona kwa macho hata mara tano.

Kwa hiyo nimeanza kugawa makosa kwa marundo matatu. Rundo la kwanza ni la sikio: mtoto hakusikia sauti yenyewe, kama "pwaso" bila ile "on" ya puani, au "line" badala ya "lune", maana Kiswahili hakina ile "u" ya Kifaransa na mdomo unakimbilia "i". Rundo la pili ni la jicho: sauti ameipata ila hajui mavazi yake, kama "boku", "o", "marshe". Rundo la tatu ni la sarufi: ile "s" ya wingi ambayo hakuna anayeitamka. Na neno moja, "poissons", liko kwenye marundo yote matatu! Tunampa mtoto wa miaka minane neno lenye mitego mitatu, kisha tunakata pointi kana kwamba ni uzembe.

Ninyi mnafanyaje?


Mzee_BikiNyekundu (Goma)

Mwalimu, mimi nimestaafu, nilisimama mbele ya tablo zaidi ya miaka thelathini. Sisi kwenye dikte tulichapwa fimbo moja kwa kosa moja. Kosa kumi, fimbo kumi. Na mpaka leo naandika barua ya Kifaransa bila kosa. Mnawabembeleza sana watoto wa siku hizi.


Mama_Pacha (Goma)

Shikamoo Mzee. Kwa heshima yote: mliobaki ndio mnaoandika barua. Waliokimbia fimbo hawako kwenye uzi huu kutueleza. Kaka yangu mkubwa ni mmoja wao.


Mzee_BikiNyekundu (Goma)

Marahaba mwanangu. Hapo umenishika.


Darasa6 (Bukavu)

Mimi nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Nafundisha la sita. Watoto hawa wananifikia baada ya miaka mitatu ya "sikio lake ni zima", halafu mwisho wa mwaka kuna ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na ENAFEP ni Kifaransa. Karatasi haimuulizi mtoto alisikia nini. Tangu shule ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Watoto wako juu ya madirisha. Wewe utagawa marundo matatu kwa kaye ngapi? Mimi nikimaliza kusahihisha dikte ya Jumatatu tayari ni Alhamisi.


MwalimuWaMabanga (Goma)

Ndugu Darasa6, nina watoto 61. Sisahihishi kaye 61, sina hiyo nguvu, na petroli ya taa nainunua mwenyewe. Natumia ardwazi, vibao vidogo vya kuandikia kwa chaki, ule utaratibu wa La Martinière tuliofundishwa sote shule ya ualimu halafu tukauacha: natamka neno, wanaandika, nagonga meza, wote wanainua juu mara moja. Kwa sekunde kumi naona vibao vyote. Nikiona ishirini wameandika "mwa" kwa "moi", sihitaji kaye ya mtu. Nageukia tablo, naandika moi, toi, roi: zote zina "oi", tunapita.

Maneno matano kwa siku, kila asubuhi, na mawili kati ya hayo ni ya juzi. Nilikuwa natoa ishirini Ijumaa. Yale ishirini walikuwa wanayakariri Alhamisi usiku, Jumatatu yameyeyuka.


ChakiNyeupe (Bukavu)

Huu uzi nimeupenda. Nafundisha la pili, Kadutu, kwa hiyo mimi ndiye ninayempikia Mwalimu chakula anachokikuta la tatu. Niseme kuhusu upande wa Kiswahili, maana watu hudhani Kiswahili hakina tahajia: "kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kazi imeisha." Kama kinavyotamkwa na nani?

Kwanza r na l. Lugha zetu kadhaa za nyumbani haziziachanishi, Kinyarwanda kwa mfano, na mtoto anazileta darasani kama alivyozipokea kwa bibi yake. "Mtoto amerara." "Nyumba ya kurara." Sipigi kelele. Nachora picha mbili kwenye tablo: sahani ya ugali na sanduku la uchaguzi. Hapa kula, hapa kura. Natamka moja, wanaonyesha kwa kidole. Wiki nzima sikio tu, hakuna kuandika. Halafu ndipo chaki. (Mtoto mmoja aliniambia nyumbani kwao vitu hivyo viwili huja siku moja, wanasiasa wakipita na fulana na unga. Sikuwa na la kumjibu.)

Pili, zile herufi ambazo midomo yetu imezimeza. Huku wengi wetu tunasema zambi, zahabu, gali, apa. Kitabu kinasema dhambi, dhahabu, ghali, hapa. Mtoto akiandika "zahabu" sikio halina la kumsaidia, kwa sababu hajawahi kusikia dh, wala kwangu hajaisikia, nikiwa mkweli. Hilo ni rundo la jicho hasa, kama "beaucoup" yako. Na wakati mwingine kosa linabadilisha maana: akiandika "samani ya nyumba" akikusudia bei yake, msomaji wa Dar es Salaam atafikiria viti na kabati. Thamani na samani.

Tatu, ng'ombe. Huku tunasema "ngombe" na g inayogonga. Sasa ile koma ya juu utaieleza kwa sauti gani? Nimeacha kuieleza. Nimewaambia ni pembe ya ng'ombe. Ukimwandika bila pembe si wako, ni wa jirani. Tangu siku hiyo hakuna anayeisahau, ingawa sasa wananiwekea pembe hata kwenye "ngoma".


MwalimuWaMabanga (Goma)

Pembe! Naichukua hiyo.


BabaWaKatuba (Lubumbashi)

Mi niko ku Lushi, ku Katuba, siko mwalimu, niko muzazi tu. Munisamehe Kiswahili yangu. Mutoto wangu wa darasa ya pili alikuya na zero mu Kiswahili. Zero! Mu luga yenye anaotea! Kifaransa alipata sita ku kumi. Nikaangaria kaye: aliandika "batoto", "bintu", "mutoto", "kitabu ya mwalimu". Byote mustari mwekundu. Sasa shiye ku nyumba njo vile tunasemaka. Mwalimu akikata point pale, anakata point ya nani? Anakata ya mama yake.


ChakiNyeupe (Bukavu)

Papa, umesema jambo ambalo vitabu vya ualimu vinalizunguka bila kuligusa. "Batoto" si kosa la tahajia. Mtoto wako ameandika kwa usahihi kabisa kile anachokisema. B ni b, o ni o. Kilichobaki ni kwamba kitabu kinatumia Kiswahili kingine, kile kilichochukuliwa kutoka Unguja na kusanifishwa na Waingereza miaka ya 1930 kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki, na huku kwetu kikaingia kupitia kitabu zaidi kuliko mdomo.

Mimi tablo naigawa mstari katikati. Kushoto naandika "ya nyumbani", kulia "ya kitabu". Batoto, watoto. Bintu, vitu. Mutoto, mtoto. Kushoto sifuti wala sikati, na mtoto mwenyewe ndiye anayekwenda kuvusha neno kwenda kulia. Wanapenda kuvusha. Wanasema ni kama kupita mpaka na karatasi zako.


BabaWaKatuba (Lubumbashi)

Aksanti sana Mwalimu. Hiyo nitaipeleka ku shule, na heshima.


Mama_Pacha (Goma)

Nina swali la mjinga. Nina pacha, wote la kwanza. Mmoja anaandika "tshai" na "djina". Nimemwambia ni "chai" na "jina", akanitoa nje akanionyesha bango: "Tshukudu". Akasema mama wewe ndiye hujui. Nilimjibu nini? Sikumjibu.


MwalimuWaMabanga (Goma)

Hahaha, mtoto amesoma mji wake! Mama, hilo si swali la mjinga. Ile "tsh" na "dj" ni maandishi ya wakati wa Wabelgiji. Kwa Mfaransa "ch" ni sauti ya "sh", kwa hiyo akitaka sauti ya chai analazimika kuweka t mbele. Ndiyo maana tuna Tshopo, Tshikapa, Djugu. Majina ya watu na mahali hubaki kama yalivyoandikwa kwenye karatasi, hakuna anayekwenda kumsahihisha Rais Tshisekedi jina lake. Lakini maneno ya kawaida ya Kiswahili yanafuata kitabu: chai, jina. Na chukudu, chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo, utalikuta kwa njia zote mbili, kwenye bango hivi na kwenye kitabu vile. Mwambie mtoto bango limeandikwa Kifaransa-Kifaransa na yeye anaandika Kiswahili. Kisha mpongeze kwamba amesoma bango.

Na hapa ndipo penye mzizi wa tatizo la darasa la tatu, kwa maoni yangu. Herufi ni zile zile ila zina nyumba mbili. "Ch" nyumbani ni chai, kwa Mfaransa ni "chat". "U" nyumbani ni kuku, kule ni "lune". "J" nyumbani ni jina, kule ni "jour". Mtoto wangu wa "ashet" hakuandika ovyo: alisikia sauti ya "sh", akaenda nyumba anayoijua, akaichukua sh. Kama hakuna mtu aliyemwambia kuna nyumba ya pili, angeijuaje? Nimebandika karatasi ukutani, kila herufi yenye nyumba mbili na picha mbili. Ziko chache, hazifiki kumi na mbili.


Darasa6 (Bukavu)

Nimesoma yote. Bado sijakubali yote, lakini nakiri kitu kimoja: watoto wangu wa la sita, wale wanaoangukia "grand" bila d, sijawahi kuwaeleza d inatoka wapi. Nasema tu "kuna d, andika". Herufi bubu mnazifundishaje? Maana Kifaransa kimejaa.


MwalimuWaMabanga (Goma)

Mwite ndugu yake. Herufi bubu haisemi ikiwa peke yake, lakini ndugu yake akiitwa inaamka. Grand, muite dada yake: grande. Umeisikia d? Petit, petite, hiyo t. Blanc, blanche, hiyo c. Dent, anayetibu ni dentiste. Chant, kuimba ni chanter. Watoto wanafanya mchezo: mmoja anasema neno, mwenzake anaita ndugu. Si maneno yote yana ndugu msemaji. "Beaucoup" mimi huiambia ni "coup" iliyobeba "beau" kichwani, basi wanaichora hivyo. "Toujours" haina msaada, ni ya kutazama tu.

Kwa hizo za kutazama tu: tazama, funika, andika, funua. Anatazama neno, analifunika kwa kiganja, analiandika kutoka kichwani, anafunua, anajisahihisha mwenyewe. Lazima afunike! Nakili mara ishirini tuliyopewa sisi haikufundisha kitu. Mkono unatembea, kichwa kiko kwenye mpira. Niliwahi kumpa mtoto anakili "maison" mara ishirini, ya nane ikawa "masion", na kumi na mbili zilizobaki zote "masion". Alinakili kosa lake kwa uaminifu mpaka mwisho wa ukurasa.


Mzee_BikiNyekundu (Goma)

Na "est" na "et" msisahau. Ukiweza kusema "était" mahali pake, basi ni "est". "Sont", jaribu "étaient". Hii nilikuwa naifundisha bila fimbo, mjue.

Pia nawapa hadithi. Mwaka 1857 huko Ufaransa, mwandishi Prosper Mérimée alitunga dikte ya mitego mbele ya mfalme wao Napoleon wa Tatu na wageni wake. Husimuliwa kwamba mfalme mwenyewe alipata makosa 75, mkewe Eugénie 62, na aliyeshinda wote ni Metternich, mwanadiplomasia wa Austria, kwa makosa 3. Mgeni! Nilikuwa nawahadithia wanafunzi wangu hiyo kila mwaka kabla ya mtihani. Kwa fimbo za siku zile, yule mfalme angelala kwa tumbo wiki mbili.


Mama_Pacha (Goma)

Mzee sasa umeanza kunifurahisha.


Darasa6 (Bukavu)

Mwalimu, yule mtoto wa boku. Yuko wapi sasa?


MwalimuWaMabanga (Goma)

Nisiwadanganye. Wiki tatu zimepita. Jana nilirudia sentensi ile ile bila kuwaambia. Akaandika:

"Maman achete beaucoup de poisson au marché."

Accent moja imeanguka kwenye "achète", "s" ya wingi imekosekana. Makosa mawili. Lakini nikatoa sentensi mpya, "Le chien boit l'eau", akaniandikia "Le shien bwa lo". Kwa hiyo amejifunza sentensi, nyumba ya pili ya "ch" bado hajaizoea. Lile lilinivunja moyo kidogo, maana nilitaka kuja hapa na ushindi. Tofauti niliyoiona iko pengine: alinyoosha mkono. Akauliza, "Metre (ndivyo wanavyoniita, maître, mwalimu), 'eau' ni kama ile ya beaucoup au ni nyingine?" Mwaka mzima sikuwa nimesikia sauti yake.

Wenzake wanne hawajasogea hata hatua. Wawili kati yao nadhani ni macho, hawaoni tablo. Nimeongea na wazazi.


FundiTripleksi (Goma)

Mimi ni seremala, nimepita tu, lakini nina swali. Hizo ardwazi 61 umezitoa wapi? Sokoni bei yake naijua.


MwalimuWaMabanga (Goma)

Sikununua, fundi. Nilijaribu kwanza ukuta wa nje wa darasa, umejengwa kwa mawe ya volkano, meusi vizuri. Ukuta ule ulikula chaki ya mwezi kwa siku mbili. Halafu mzazi mmoja akaleta tripleksi (plaiwudi) moja, ile nyembamba, ya sentimita 122 kwa 244, na rangi nyeusi isiyong'aa iliyobaki kwenye kazi yake. Tukakata vibao vya 20 kwa 30.


FundiTripleksi (Goma)

Basi umepata 48. Sita kwa upana, nane kwa urefu. Watoto 13 hawana.


MwalimuWaMabanga (Goma)

Ndiyo, 13 hawana. Nimewaweka wawili wawili na wenye vibao: mmoja anaandika, mwenzake anatazama na kumsuta kabla ya kuinua, neno linalofuata wanabadilishana. Na nikikagua, jozi hizo ndizo zenye makosa machache kuliko wote. Ndiyo maana ile tripleksi ya pili sijaiomba bado.


FundiTripleksi (Goma)

Nina vipande vimebaki kazini. Nilikuwa nataka kukuletea.


MwalimuWaMabanga (Goma)

Leta tu fundi. Nitavitumia kubandika zile herufi za nyumba mbili, karatasi imeshachanika.